MANJANO: Walichoma Godoro Langu Mbele ya Chuo Kizima

"Mwaga yote, Hyasinta! Usibakize hata tone!"

Hyasinta akainamisha kidumu. Mafuta ya taa yakalowesha godoro langu, yakalowesha shuka zangu, yakalowesha na sare yangu ya mazoezi.

Mwaka huo, 1983, mafuta ya taa ulikuwa unayasikia kwa jina tu. Bweni zima tulisomea mtihani kwenye kibatari kimoja. Lakini ya kunichomea mimi godoro... yalipatikana!

Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, nimejifunika lubega, shuka la Kimasai, miguu haina nguvu. Macho yangu yalikuwa manjano kama kiini cha yai la kienyeji.

"Hyasinta..." nikamwita. "Ni mimi, Seenoi."

Hakunitazama. Akawasha kibiriti.

Moto ukalipuka, wasichana waliokuwa mbele wakaruka nyuma. Wapo waliocheka. Yupo aliyepiga makofi, na sura yake ninayo mpaka kesho.

"Rudi kwenu Loliondo na uchafu wako!" Hyasinta akasema, safari hii macho kwa macho. "Umetutia nuksi chuo kizima!"

Jamani... huyu ndiye niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja baridi ikizidi!

Sogeeni karibu. Hii nimeikalia miaka mingi, leo naitoa yote.

Mimi ni binti wa mzee Metui, wa Oloipiri, kule Loliondo. Kwenye boma letu sikuwa na dada aliyewahi kumaliza sekondari. Baba hakutaka. Alisema msichana akisoma sana, ng'ombe wa mahari wanapotea njia.

Mama yangu, Nareyu, ndiye aliyesimama kidete.

"Atasoma," akasema. "Nimezika watoto kwa homa ambazo hata majina yake siyajui. Huyu aende akayajue majina."

Nikaenda.

Chuo chetu cha wauguzi kilikuwa juu ya mashamba ya kahawa, upande wa Oldeani. Jina lake nalihifadhi. Asubuhi ukungu unaingia mpaka darasani, unaandika huku vidole vimekufa ganzi.

Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha shule tupu, nikiongea wananicheka. Aliyenishika mkono ni Hyasinta.

Wazazi wake walikuwa wachuma kahawa, wametokea Singida. Mama yake alikuwa amefariki karibuni, tumbo limevimba kama ngoma. Hyasinta alikuwa mcheshi, mwenye afya, anabeba ndoo mbili za maji kwa mpigo huku anaimba.

"We Mmasai, achana nao," aliniambia. "Mimi ndiye dada yako hapa."

Nikamwamini. Ningeachaje?

Na alikuwepo Piusi, kijana wa kijiji cha Daa, akisomea utabibu wa vijijini hapo hapo. Mpole, msafi, viatu vinang'aa hata siku za tope. Alikuwa ameniahidi kwamba akimaliza atapanda kwenda Oloipiri kuzungumza na baba.

Nilikuwa na shoga. Nilikuwa na mchumba. Nilidhani nimeshafika!

Ukaja mtihani wa vitendo.

Wasahihishaji walikuwa wanatoka Arusha, na sindano ndiyo waliyoipenda kuliko vyote. Ukitetemeka, umefeli. Tulikuwa tunajifunza kwa kuchoma machungwa, lakini machungwa yakaisha sokoni.

Siku moja baada ya vipindi, Hyasinta akaingia bwenini na bomba la kioo na sindano moja, ameviazima chumba cha matibabu.

"Tuchomane sisi kwa sisi," akasema. "Tunaweka maji safi tu. Nani atajua?"

"Sindano si ni moja?"

"Kwani utakufa? Tunafuta na spiriti."

"Si tungeichemsha kwanza..."

"Mkaa unao wewe?"

Sikuwa nao.

Akakunja mkono wa sare, nikamchoma begani. Nilipochomoa, tone la damu likatoka. Akacheka, akaipangusa ile sindano kwa pamba yenye spiriti, akavuta maji mengine, akanichoma mimi.

"Umeona? Mkono mwepesi kama daktari!"

Tulicheka mpaka tukalia. Na mtihani tukafaulu sote wawili!

Miezi ikapita... ndipo mwili wangu ukaanza kunisaliti.

Kwanza uchovu. Napanda ngazi za wodi nakaa katikati kama bibi kizee. Halafu chakula. Harufu ya mafuta tu, natapika. Mwili unawasha usiku na mchana. Mkojo ukawa mweusi kama kahawa.

Halafu asubuhi moja Hyasinta akanitazama tukiwa bombani, akaacha ndoo.

"Seenoi... macho yako!"

Nakumbuka alivyorudi nyuma. Ungedhani ameona nyoka.

Utani ukaanza siku hiyo hiyo. Enzi zile tulikuwa tunakula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Wakasema nimeula mpaka umetokeza machoni! Wengine wakasema ni damu ya ng'ombe tunayokunywa Wamasai. Wengine, nimelaaniwa.

Yaani hao ndio wauguzi watarajiwa! Hakuna hata mmoja aliyesema neno ini.

Matroni Elizabeti, mkuu wetu, akaniita ofisini. Mama mrefu, sauti ya chini, tukimwogopa kuliko mtihani.

"Umekula nini? Umelala na nani?"

"Sijalala na mtu, Matroni."

"Basi hiyo manjano imetoka wapi?"

Nikamwambia ukweli, maana nilikuwa mgonjwa na nilitaka kupona.

"Tulichomana sindano moja. Mimi na Hyasinta. Alianza yeye, nikafuata mimi."

Matroni alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka mezani taratibu sana.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Toka nje. Niitie Hyasinta."

Hyasinta akaingia, mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi la nje nikisikia sauti tu, maneno siyashiki. Alipotoka alikuwa amelia. Nikanyoosha mkono nimshike, akaukwepa.

Kengele ikagongwa. Chuo kizima uwanjani!

"Msichana huyu," Matroni akasema, ananinyooshea kidole, "ameleta ugonjwa wa uhuni. Amekuwa akitembea na madereva wa watalii kule Kreta ya Ngorongoro. Na shahidi tunaye."

Nikageuka kumtafuta huyo shahidi.

Alikuwa Hyasinta.

"Nimemwona kwa macho yangu akishushwa na Landrover," akasema. "Mara nyingi. Nilimficha kwa sababu ni rafiki yangu."

Mimi! Ambaye nilikuwa sijawahi hata kukaa ndani ya Landrover! Na mpaka wa Kenya, walikokuwa wakipitia watalii, ulikuwa bado umefungwa, hao watalii wenyewe walikuwa wa kutafuta kwa tochi!

"Piusi!" nikapiga kelele. "Piusi, waambie! Wewe unanijua!"

Piusi alisimama upande wa wavulana. Watu wakaanza kumgeukia.

"Mimi nataka mke mzima, Seenoi," akasema. "Mwenye damu safi."

Basi. Likaletwa godoro, ukaletwa moto. Mengine nimeshawaambia.

Nilirudi kwetu juu ya lori la maharage. Utingo alinikataza kukaa mbele ingawa nafasi ilikuwepo. Ukingoni mwa Kreta ukungu ukanilowesha mpaka mifupani, akina mama waliokuwa juu ya magunia wakavuta khanga zao zisiniguse.

Mmoja nilimwamkia. Aligeuza uso.

Boma lilikuwa limeshapata habari kabla yangu. Sijui nani aliyezifikisha, lakini habari mbaya haiombi lifti.

Baba hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Nilisema," akanena. "Mjengeeni nje ya uzio."

Nje ya uzio, wasomaji wangu! Pale fisi wanapopita! Kibanda cha matawi na ngozi moja.

Mama alisikia, akaingia nyumbani kwake, akatoka na ngozi yake ya kulalia begani.

"Yeyo, mama, unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kulala na mwanangu."

"Utaugua!"

"Nitaugua nikiwa na wewe."

Alinipa maji, uji mwepesi, asali kidogo. Mafuta hakunipa, aliona mwenyewe yananitapisha. Siku zikaenda, njano ikaanza kuondoka machoni, kisha mikononi. Nikasimama. Nikatembea. Nikachunga mbuzi.

Mwili ulipona. Jina halikupona.

Waliniita "Yule wa Manjano." Kibuyu nilichonywea maziwa kilitupwa. Vijana waliokuwa wakimsalimia baba kwa ajili yangu wakahamisha salamu kwa mabinti wa boma la pili. Nikasikia Piusi ameoa... ameoa nani? Hyasinta! Wamefunga ndoa kanisani, Matroni ndiye msimamizi wa bibi harusi!

Siku hiyo nililia mpaka mbuzi wakaniacha.

Aliyenifumbua macho ni daktari mmoja wa misheni, aliyekuwa akija upande wetu kwa ndege ndogo kuchanja watoto. Nilikuwa namtafsiria Kimasai. Akashangaa nilivyojua majina ya dawa, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamsimulia yote.

Hakucheka. Akanitoa damu, akaipeleka kupimwa hospitali kubwa. Safari iliyofuata akanikalisha chini.

"Seenoi, uliugua homa ya ini aina ya B. Inakaa kwenye damu. Ile sindano ndiyo iliyokupa."

"Na sasa?"

"Virusi vimetoka. Mwili wako umejijengea kinga, hautaugua tena ugonjwa huu."

"Basi Hyasinta naye alipona?"

Akatikisa kichwa.

"Wewe uligeuka manjano kwa sababu mwili wako ulikuwa unapigana. Mwenye kuambukizwa utotoni mara nyingi haoni dalili yoyote. Anaishi navyo miaka na miaka, anacheka, anabeba maji... huku anaambukiza."

Nikamkumbuka Hyasinta na ndoo zake mbili.

Daktari yule akanitafutia nafasi chuo kingine, mkoa mwingine. Nikaanza upya, mkubwa kuliko wenzangu. Nikamaliza. Mwaka 1989 nikapangiwa hospitali moja ya Karatu.

Na hapo ndipo Mungu, au shetani, sijui nani kati yao, aliponiletea Hyasinta.

Walimleta kwa machela, anatapika damu. Tumbo limejaa, mikono imebaki vijiti, macho manjano kuliko yalivyowahi kuwa yangu.

Wauguzi wenzangu wakarudi nyuma mpaka ukutani.

"Sista Seenoi, usimguse! Ni ule ugonjwa mpya huo!"

Miaka ile UKIMWI ulikuwa umeanza kuvuma, kila aliyekonda alihukumiwa mlangoni.

Nikavaa glavu, nikamfuta uso. Chini ya ile damu nikaiona sura.

Naye akaniona.

"Seenoi..."

Nilikuwa nimeota mara nyingi siku nitakayomkuta yuko chini. Nilikuwa na maneno tayari, makali kama sime. Sikulitumia hata moja.

"Piusi yuko wapi?" nikauliza. Ndilo pekee lililotoka.

"Alikufa. Mwaka ule ule tuliooana. Aligeuka manjano kama wewe." Akapumua. "Ila yeye hakupona."

Mwanaume aliyetaka damu safi!

"Seenoi, nilikuwa najua."

"Unajua nini?"

"Kabla sijaja chuoni nilikwenda kumtolea mama damu. Wakaikataa. Wakasema ina virusi vya ini."

Kitambaa kikanidondoka mkononi.

"Ulijua?! Ukanichoma sindano yako huku unajua?"

"Nilimuuliza mama mdogo. Akasema huna manjano, huna ugonjwa. Akaniambia nifunge mdomo nisome."

"Mama mdogo yupi?"

Akafumba macho.

"Matroni. Ni mdogo wake mama, tumbo moja. Alinikataza kuwaambia."

Wasomaji wangu... nilikaa kwenye kile kitanda. Muuguzi haruhusiwi kukaa kitanda cha mgonjwa. Nilikaa!

"Siku uliyotaja sindano," akaendelea, "alinifungia mlango. Akasema ukweli ukitoka, chuo kinafungwa, na mimi sipati kazi popote. Akanipa yale maneno ya madereva. Kidumu cha mafuta kilikuwa chake. Akasema, chagua, atoke yeye au utoke wewe."

"Ukachagua."

"Nikachagua."

Mvua ilikuwa inagonga bati. Nikaokota kitambaa.

"Nisamehe, Seenoi."

Nisiwadanganye, sikumsamehe. Nilimbadilishia shuka, nikamwosha, nikamgeuza ubavu. Kazi yangu niliifanya yote. Lakini hilo neno alilolitaka, sikuwa nalo.

"Basi mpime mwanangu," akasema. "Yuko Daa kwa bibi yake. Nilimzaa nikiwa na hii damu. Nilimnyonyesha huku najua, Seenoi... nikaogopa kusema."

Alikufa mchana wodi ikigawiwa uji. Hakuna ndugu aliyekuja kuosha maiti. Niliiosha mimi.

Paskalina, mwanawe, alikuwa katoto kanene kenye vishimo mashavuni, kanakimbiza kuku. Damu yake ilipokwenda kupimwa, ilirudi na jibu nililoliogopa.

Nilipanda Oldeani wiki ile ile.

Matroni alikuwa kwenye ofisi ile ile, nywele zimeingia mvi. Alinitambua kabla sijaketi.

"Hyasinta amekufa," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Hukuja kumwona hata mara moja."

"Nilimwona dada yangu akifa hivyo hivyo. Sikuwa na nguvu ya kuona tena."

"Ulijua damu yake ilivyo. Ulijua mimi nimeugua nini. Kwa nini mimi?"

Akanitazama bila kupepesa.

"Hyasinta alikuwa damu yangu. Wewe ulikuwa na boma la kurudi."

"Nililala nje ya uzio, Matroni!"

"Hilo sikulijua. Lakini hata ningelijua..." Akainua mabega. "Ningerudishwa siku ile, ningefanya vile vile."

Nilidhani nitampiga. Nikashikilia kiti.

"Basi waambie hawa ulionao sasa. Waambie mtu anaweza kuonekana mzima na damu yake inaua. Hilo tu."

"Nikichafue chuo? Toka, Seenoi."

Nikatoka. Ila sikutoka nje... nikaingia darasani!

Wanafunzi wakasimama wote.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kaeni. Naitwa Seenoi Metui."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Wakaanza kusukumana viwiko. Msichana mmoja wa mbele, mnene, mwenye sauti nzuri, akainua mkono.

"Samahani, Sista... wewe ndiye yule wa madereva?"

Niligeuka. Matroni alikuwa ameshafika mlangoni. Amelisikia swali zima. Nilimsubiri aseme neno moja tu, hata "hapana."

Akatazama dirishani.

Nikaja kuambiwa kwamba kila mwaka, wanafunzi wapya wakifika, walikuwa wanasimuliwa habari zangu. Nilikuwa somo! Somo la adabu kwa wasichana! Uongo uliomfukuza Seenoi ulikuwa umepata kitanda pale chuoni, unakula, unalala, na mimi niko nje ya uzio.

"Ndiyo," nikamjibu. "Ndiye mimi."

Halafu nikawaambia. Sindano, pamba, tone la damu, moto, Piusi, Hyasinta, mtoto. Mvulana mmoja nyuma alicheka mwanzoni. Aliacha mwenyewe.

Nikamaliza. Yule msichana wa mbele, aliyeniuliza habari za madereva, akasimama. Akakunja mkono wa sare yake, akaninyooshea mkono.

"Nipime mimi kwanza, Sista. Tumekuwa tukichomana."

Alikuwa mzima kabisa wa kumtazama. Ngozi inang'aa, macho meupe kama maziwa.

Ilipopimwa, damu yake ilikuwa na virusi vile vile vya ini.

Yule msichana ini lilimmaliza baadaye, amezikwa, wazazi wake wanajua kwa nini. Paskalina yupo. Niliomba nimlee nikapewa, maana kwa baba yake walisema hawana haja na damu mbaya. Dawa za kutuliza virusi zilikuja akiwa mtu mzima, anazimeza kila siku, na ini lake linapimwa. Watoto wake walichanjwa walipozaliwa, wako salama.

Mimi nimestaafu. Na bado nakutana na wanafunzi wa unesi, wa udaktari, wa maabara, wanaochoma watu kila siku, nikiwauliza kuhusu chanjo ya homa ya ini B wananiambia, "Bibi, niko fiti."

Hyasinta alikuwa fiti!

Chanjo sasa ipo, wanangu. Sisi hatukuwa nayo. Kapime kwanza, halafu uchanjwe dozi zote, usiishie ya kwanza ukajiona shujaa. Sindano ikikuchoma kazini, sema siku hiyo hiyo, usione haya. Na mwenzako akikutwa nayo usimchomee godoro. Kula naye sahani moja, mshike mkono, mpeleke kliniki. Kwa sahani haiambukizi. Inaambukiza kwa damu, kwa kujamiiana, kwa mama kumpa mtoto akizaliwa... na kwa watu wazima wanaojua wakanyamaza.

Wewe unayesoma hapa, upo bwenini, umevaa koti lako jeupe. Huyo unayelala naye chumba kimoja ni mzima?

Na wewe je? Umejuaje?